Kompyuta Chumbani kwa Bibi

Watu wakisimulia jinsi kompyuta zilivyoingia majumbani husema habari za maendeleo. Mimi nakumbuka kitanda. Kitanda cha Bibi, cha mbao nzito, kikipitishwa ubavu mlangoni, Baba ameshika upande wa mbele, Mama wa nyuma, kila mmoja akimlaumu mwenzake, na Bibi mwenyewe amesimama ukumbini na mto wake kwapani kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Baba alikuwa mkuu wa masjala. Masjala ni kile chumba cha ofisi kinachotunza majalada, na mkuu wake ni mtu anayeweza kukwambia barua uliyoiandika ukiwa bado na nywele iko rafu ipi, jalada lipi, chini ya karatasi ipi. Baba aliiweza kazi hiyo na aliipenda kupita kiasi. Nyumbani kwetu hata risiti ya pasi ilikuwa na namba ya kumbukumbu. Mama alikuwa akisema kwamba yeye hakuolewa, alisajiliwa.

Kisha ofisini akaja mkurugenzi mpya, na mkurugenzi mpya akaja na kompyuta. Akatangaza kwamba kila mkuu wa kitengo ataandika mpango wa kitengo chake kwa kompyuta, kwa mkono wake mwenyewe, na kuuwasilisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Atakayeshindwa atapisha wenzake. Siku hiyo Baba alirudi nyumbani hakula. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Mama, "Mke wangu, safari hii namwaga unga," kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Kesho yake akavaa tai, akajipiga kifua, akawatangazia Bibi na majirani kwamba ananunua kompyuta kwa ajili ya maendeleo ya watoto. Watoto nilikuwa mimi peke yangu, na nilikatazwa kuigusa.

Ilikuwa mashine iliyokwisha kutumika, kubwa, rangi ya meno ya mvutaji. Fundi aliyemuuzia alimweleza mara moja tu wapi pa kuwashia na wapi pa kuandikia, akaongeza kwamba viko vitu viwili vinavyoiua kompyuta: vumbi na joto. Baba hakuuliza zaidi. Mtu mwenye makarani chini yake haulizi fundi kitu kilekile mara mbili, hata kama mara ya kwanza hakuelewa. Alichokishika ni vumbi na joto, na akaviandama vitu hivyo viwili kama polisi.

Sebule yetu ilitazama barabara, kwa hiyo vumbi. Chumba changu kilipigwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo joto. Chumba cha wazazi wangu kilikuwa na cherehani ya Mama, na hajazaliwa mwanamume wa kumwambia Mama ahamishe cherehani yake. Kikabaki chumba cha Bibi, chenye feni pekee ya darini nyumbani, na dirisha lililotazama ukuta wa nyuma.

Sasa chumba hicho kilikuwa na maneno yake. Babu alipofariki, Baba alikwenda mwenyewe kumchukua mama yake. Alimwambia mbele ya ndugu wote afunge nyumba yake aje akae kwetu, si kama mgeni bali kama mwenyewe, na kwamba atapewa chumba ambacho hakuna mtu atakayemsumbua humo. Bibi alifunga nyumba yake kwa neno hilo tu.

"Ni kwa muda, Mama," Baba alisema, kitanda kikiwa kimekwama mlangoni. "Nikimaliza kazi yangu, mashine inatoka, unarudi chumbani."

"Sawa, baba," Bibi alisema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Ningekuwa Baba ningeshtuka palepale. Yeye alifurahi kwamba mama yake ameelewa.

Mashine ikahamia, na sijawahi kuona mgeni aliyeenziwa vile. Mama aliifumia vitambaa: kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na kimoja kidogo chenye maua cha kipanya, ambacho kikifunikwa kilifanana na mtoto anayepelekwa kliniki. Pazia zito likatundikwa. Viatu vikawa vinavuliwa mlangoni. Majirani walikuja kuitazama kwa zamu, na mmoja wao, muuguzi mstaafu, mwanamke aliyezoea wagonjwa mahututi, aliingia akinyata, akauliza kwa kunong'ona, "Imelala?" Baba akamjibu, naye akinong'ona, kwamba haijalala ila inapumzika.

Bibi hakugomba. Laiti angegomba. Bibi alianza kuwa mgeni.

Aliomba ruhusa kuchota maji. Alibisha hodi jikoni, jiko lilelile alilokuwa akitufukuza humo na mwiko mkononi. Akimaliza kula alisema, "Asanteni sana, nimeshiba, Mungu awazidishie," kisha akabaki amekaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja kuitwa jina lake kwenye foleni. Baba alikuwa amezoea kelele za mama yake kila asubuhi: tai imepinda, taa ya choo mmeiacha inawaka, mbona mtoto huyu anakonda. Sasa akipita, Bibi aliinamisha kichwa na kumwuliza, "Habari za kazi, baba mwenye nyumba?" Mimi ningechagua viboko kuliko kuulizwa swali lile.

Chumba changu hakikutosha vitanda viwili. Cha Bibi kikaegemezwa ukutani ukumbini, wote tukawa tunapita ubavu, na Bibi akawa analala kwangu. Mchana alikuwa mgeni; akishasinzia alikuwa mwenye kitanda. Alinisukuma mpaka nikaujua ukuta kwa pua, akakoroma kwa starehe zake, na asubuhi akanishukuru kwa kumpa hifadhi. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na sababu zangu za kutaka Bibi arudi kwake.

Siku moja aliomba kutumia simu, kwa adabu zote, akampigia Shangazi, dada mdogo wa Baba, aje amchukue Jumamosi. "Nimekaa vya kutosha," alimwambia, sote tukisikia, "na wenyeji wangu wana shughuli zao." Jumamosi hiyo ilikuwa ndiyo inayofuata ile Ijumaa ya mkurugenzi.

"Anakwenda kutembea tu," Baba alisema.

"Amefungasha mpaka mablanketi ya baridi," Mama akamjibu. "Mtu anakwenda kutembea na mablanketi yote?"

Baba akasema akimaliza ule mpango kila kitu kitakaa sawa, akaenda zake kuvua viatu.

Shida ni kwamba mpango haukwisha. Baba aliandika kwa kidole kimoja, akikigusisha na kukiondoa haraka kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Jioni ya kwanza aliandika mistari miwili, akazima, akaja mezani amechangamka. Alipowasha tena, mistari haikuwepo. Mtu mwingine angemrudia fundi. Baba aliwaza mwenyewe, kimyakimya, akafikia uamuzi: kama ikizimwa inasahau, basi isizimwe. Tangu siku hiyo mashine haikuzimwa tena. Iliwaka usiku na mchana, feni ikiipepea, na mpango ukawa unakua juu ya kile kioo, mstari kwa mstari, na haukuwepo mahali pengine popote duniani. Sisi hakutuambia sababu. Alituambia tu, "Hakuna kugusa," na akawa anapiga simu kutoka ofisini kuuliza kama umeme upo, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa. Ijumaa asubuhi fundi angekuja na printa, karatasi zitoke, mambo yaishe.

Jumatano ilibaki aya moja. Baba alikwenda kazini akipiga mluzi.

Mchana Bibi aliingia chumbani kutoa nguo zake kabatini. Nilikuwa nimerudi kutoka shule, nikamfuata ili nimsaidie kubeba. Alivua ndala mlangoni kama sheria ilivyosema, akakunja magauni yake moja moja bila kukitazama kile kioo. Kisha akasimama. Mashine ilikuwa inanguruma peke yake kwenye giza la pazia, feni inazunguka, chumba hakina mtu. Nikamwona anakunja uso, ule uso wake wa zamani ambao nilikuwa nimeukosa mwezi mzima.

"Huyu mtoto ana wazimu," alisema. "Umeme wote huu unateketea hivihivi."

Akazima feni. Akainama, akazima swichi ya ukutani, na kioo kikafa kwa mlio mdogo. Alifanya hivyo kwa mkono mwepesi wa mtu ambaye maisha yake yote amepita nyuma ya watu akizima walivyoviacha vinawaka. Kwa dakika ile alikuwa amesahau kwamba yeye ni mgeni. Mimi nilifurahi sana, maana sikujua.

Baba aliporudi, alivua viatu, akaingia. Tukangoja kusikia kile kidole. Halafu akatokea mlangoni mwa sebule na soksi zake, uso umempauka.

"Nani amezima?"

"Mimi," Bibi alisema. Wala hakuinuka. "Nimekuta linanguruma kwenye chumba kitupu. Ndivyo nilivyokulea? Mtu mzima na tai yako, unaondoka unaacha kila kitu kinawaka, utafikiri umeme unachotwa mtoni."

Nilidhani Baba atawaka. Ana mdomo Baba, akiutaka. Lakini alikaa chini palepale, sakafuni, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia, kwa hiyo nilidhani anacheka, na nusura nicheke naye.

"Mama, nimekwisha," alisema.

Na yote yakatoka: mkurugenzi, Ijumaa, kupisha wenzake, fundi ambaye aliona aibu kumrudia, ile mistari miwili iliyosahauliwa, na jinsi alivyokuwa akikaa ofisini mchana kutwa na roho mkononi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi uliniambia ni maendeleo ya watoto."

"Ningekwambiaje, Mama?"

"Ungeniambia unaogopa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwezi mzima nalala kwa mjukuu wangu nikijua nimetolewa kwa sababu ya pambo. Ungeniambia, Mama, naogopa, ningehamia hata jikoni. Na kitanda ningekibeba mwenyewe."

Mama alikuwa ameshika uzi wake, hausogei mbele wala nyuma. Baba akajifuta macho kwa ncha ya tai.

"Uliyoyaandika unayakumbuka?" Bibi akamwuliza.

"Yote yako kichwani."

"Basi kimepotea nini? Inuka hapo chini."

Alhamisi Baba alituma salamu ofisini kwamba anaumwa, uongo wake wa kwanza tangu aajiriwe. Mimi nami nikaumwa, baada ya kuona kumbe inawezekana. Baba akaingia chumbani, na Bibi akaingia nyuma yake amebeba kigoda, ndala miguuni. Baba akazitazama ndala, akavuta kiti chake.

"Kabla hujaanza," Bibi alisema. "Kazini kwako barua ikishaandikwa, huwa inajiweka jaladani yenyewe?"

"Hapana. Mpaka niiweke."

"Na humu nani anaiweka?"

Swali lenyewe lilikuwa la mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta, na Bibi hakujifanya anajua. Lakini Baba alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Juu kabisa, pembeni, kabla ya maneno mengine yote, lilikuwepo neno dogo la Kiingereza ambalo yeye ameliandika maelfu ya mara juu ya majalada: File, yaani faili. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiliona kila jioni na kudhani ni jina la kiwanda. Akasogeza kipanya mpaka pale, akabonyeza, na vikashuka vitu chini yake, kimojawapo kikiwa ni amri ya kuhifadhi. Baba akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kuikuta usoni.

Basi akaandika. Kila aya ilipokwisha Bibi aliuliza, "Umeiweka?" Baba akajibu, "Nimeiweka, Mama." Bibi akasema, "Iweke tena." Jua lilipoanza kushuka mpango ulikuwa umekamilika, na umehifadhiwa kuliko hati yoyote aliyowahi kuishika. Kisha Bibi akamwamuru aizime mashine. Baba akagoma, akasema heri afe. Bibi akanyoosha mkono, akazima mwenyewe. Walipoiwasha, mpango ulikuwemo, na Baba alimshika mama yake bega kama mtu anayetaka kuhakikisha hajaanguka.

Ijumaa fundi alileta printa, karatasi zikatoka, Baba akaondoka nazo amezikumbatia kifuani. Alirudi amerefuka. Mkurugenzi alizipokea, akazipimapima kwa mkono bila kuzisoma, akasema vizuri sana. Halafu akaenda kufunga mlango, akasogea karibu, akamwuliza polepole, "Mzee mwenzangu, hivi ile ya kwako unaizimaje? Ya kwangu inawaka tangu waliponiletea." Baba akamwonyesha. Mkurugenzi akashusha pumzi, akamwambia kuanzia Jumatatu yeye ndiye atakayewafundisha wakuu wengine.

Tulicheka mpaka Mama akaweka sindano chini. Bibi naye alicheka. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini sifa zilikuwa zimempanda Baba kichwani. Akaanza kupanga. Mle chumbani atahitaji meza kubwa zaidi, na kiti cha kuzunguka, na labda printa yake mwenyewe, upande wa dirishani, kwa kuwa sasa pale pana nafasi. Alichora hewani kwa mikono yote miwili. Mama alimkanyaga mguu, hakuelewa. Bibi aliacha kucheka.

"Hongera, baba mwenye nyumba," alisema, akaenda kumalizia kufungasha.

Nilimchukia Baba jioni ile, nasema wazi. Alikuwa ameponea chupuchupu, na mtu aliyekaa naye kwenye kigoda kutwa nzima alikuwa anakunja shuka chumba cha pili, huku yeye akipima meza.

Jumamosi Shangazi alifika na gari la kuazima, amechelewa na ana haraka, kama kawaida yake. "Mama, uko tayari? Mwenye gari analitaka." Bibi alikuwa tayari tangu asubuhi, mkoba miguuni. Alimshukuru Mama kwa malazi. Malazi, kama nyumba ya wageni. Mama akageukia ukuta. Bibi akaniambia mimi nisome na nile vizuri. Baba, kwa adabu, akauinua mkoba ili aupeleke garini.

Alifika nao ukumbini, pale kilipoegemea kile kitanda, akasimama. Tukadhani amekwama. Shangazi akamwambia apite. Hakupita.

"Kaka, una nini?"

"Mama," Baba alisema. Hakugeuka, alikuwa kama anakiambia kitanda. "Naogopa."

"Unaogopa nini tena?" Bibi aliuliza kutoka sebuleni. "Mkurugenzi si amekusifu?"

"Si mkurugenzi."

Shangazi akanitazama, mimi nikatazama chini. Sikujua kama Bibi amesikia, maana Baba alilisema neno lile la mwisho kwa shida. Lakini alikuwa amesikia.

"Basi usinisimamie hapo na huo mkoba," alisema, na sauti ilikuwa ile ya kutufukuza jikoni. "Ingia utoe hiyo takataka yako chumbani kwangu. Ipeleke sebuleni, ikale vumbi na sisi."

"Ndiyo, Mama," Baba alisema. Ila hakwenda. Alibaki pale ukumbini, mkoba mkononi, akilia mbele ya dada yake mdogo bila kuona haya, mpaka Bibi alipokwenda mwenyewe kumnyang'anya.